Jina Asilolitaja Mama

Ilianza Jumanne, saa kumi na moja kasorobo alfajiri, mama aliponigusa mguu akasema, "Amka mwanangu, tutakuta watu wamejaa." Nilikuwa nyumbani Kwihara kwa likizo. Shuleni tunaamshwa na kengele kila siku, nami nilikuwa nimejiapiza kwamba likizo hii nitalala mpaka jua linitoe kitandani. Nilikaa kitako gizani, nikatafuta gauni kwa kupapasa, nikalivaa kinyume, nikalivua, nikalivaa tena. Nilikuwa nimechoka kabla siku haijaanza.

Tulikuwa tunampeleka mdogo wangu hospitali ya mjini Tabora. Ana miaka minne. Tangu masika homa inamshika, inamwacha, inamshika tena. Tumbo lake limekuwa gumu upande wa kushoto, na ukimfunua kope, ndani ni peupe kama ugali. Mwezi uliopita mama mwenyewe alikuwa amelala kwa homa, kwa hiyo shangazi, dada yake baba, ndiye aliyempeleka. Daktari alimtoboa kidole, akachukua damu, akaandika kwenye kadi kwamba arudishwe aangaliwe tena, na kama bandama haijapungua alazwe. Alisema aje Jumanne hii, ikishindikana kabisa Jumatano, kwa kuwa Alhamisi anatoka kwenda kukagua zahanati za Nzega na Igunga, na harudi mpaka mwezi upite. Shangazi alipewa na cheti kidogo chenye namba. Alikifunga kwenye pindo la kanga. Kanga ikafuliwa, na cheti nacho kikafuliwa.

Ndiyo maana mama aliniamsha. "Wewe umesoma," alisema tulipokuwa njiani. "Utazungumza na yule karani."

Mimi ni mtu wa aibu, na mama anajua, ila anadhani shule imeniponya. Haijaniponya. Darasani jibu ninalo na nanyamaza, mpaka mwalimu amwulize mwingine na yule mwingine akosee. Nikisimama mbele za watu shingo inapata moto na sauti inakwenda sijui wapi.

Tulipita ile njia pana ya zamani ya wapagazi, ambayo mchanga wake hata usiku wa baridi unashika miguu. Tulipokezana mtoto. Mwanzo alikuwa mgongoni kwa mama, halafu kwangu, na kila alipohama alilia kidogo, si kilio cha mtoto wa miaka minne bali cha mtu mzima aliyekata tamaa ya kusikilizwa. Wanawake wenye mihogo ya kupeleka sokoni walitupita. "Mwangaluka, mayu," walimsalimu mama, naye akaitikia bila kupunguza mwendo. Mmoja aliuliza mtoto ana nini. Mama akasema, "Mzee wangu haamki." Yule mwanamke akacheka, akasema, "Mzee huyo mdogo hivyo!" akaenda zake.

Tulifika lango bado limefungwa, na mstari ulikuwa umekwisha kupangwa, ila watu hawakuwamo. Mahali pa kila mtu palikuwa na kitu chake: jiwe, kikapu, kibuyu, fimbo, kofia iliyochakaa. Wenyewe walikuwa wamelala kandokando ya ukuta wamejifunika. Hakuna anayegusa kitu cha mwenzake pale, hata kama mwenyewe haonekani. Mama aliweka kikapu chetu nyuma ya kigoda cha mtu, tukakaa chini.

Hospitali ile ina mistari mitatu, na asiyejua hupoteza siku nzima. Kwanza unakwenda kwenye dirisha la karani, unampa cheti chako cha namba, au kama huna, unasema jina la mgonjwa. Karani anatafuta kadi katika masanduku ya mbao, halafu tarishi anaipeleka kadi ama kwa dresa, mwenye kufunga vidonda na kutoa dawa za homa, ama kwa daktari. Kadi ikishakwenda, wewe huna kazi tena ila kukaa na kusikiliza uitwe. Ukisinzia jina lako likapita, unarudi dirishani kuanza upya. Tena unakuja na chupa yako ya dawa, na iwe safi, la sivyo unarudishwa.

Chupa yetu ilinuka mafuta ya taa. Mama ndiye aliyeinusa, lango limekwisha kufunguliwa na sisi tuko karibu na dirisha. "Kimbia kaioshe," akaniambia. Pale bombani nako kulikuwa na mstari, maana si sisi peke yetu. Nilisimama nyuma ya mzee mwenye chupa mbili aliyezisugua kwa mchanga kama anasugua sufuria za harusi. Niliporudi, mama alikuwa amekwisha kupita dirishani, amekaa kwenye benchi na mtoto mapajani.

"Umemwambia jina gani?" nilimwuliza.

Mama alitazama pembeni. "Nimemwambia Mzee."

Hapo lazima nieleze. Mdogo wangu alipozaliwa alilia mfululizo, hanyonyi, halali, mpaka bibi akasema huyu anadai jina. Wakamtajia majina ya wakubwa wa ukoo moja moja, na walipofika jina la babu, baba yake baba, aliyekufa mwaka ule ule, mtoto akanyamaza akashika ziwa. Basi akawa ndiye. Wote tulifurahi, na mama alifurahi, lakini kwetu mke halitaji jina la mkwewe, akiwa hai au amekufa. Mama hajawahi kumwita mwanawe kwa jina lake hata siku moja. Anamwita Mzee. Jina la kanisani angekuwa nalo, lakini ubatizo unamngoja baba, na baba yuko Tanga kwenye mkonge.

Shangazi yeye hana mwiko huo. Yule ni baba yake mzazi, na alipokwenda mwezi uliopita alilitaja jina kamili. Kadi yenye maneno ya daktari ilikuwa kwa jina la babu. Lakini mama naye aliwahi kumleta mtoto pale zamani, kwa kikohozi, akasema Mzee, na karani wa siku hiyo akaandika Mzee. Kwa hiyo ndani ya masanduku yale mdogo wangu alikuwa watoto wawili, na aliyetajwa leo ni yule wa kikohozi.

Niliinuka nirudi dirishani. Nilipokaribia, mwanamume mmoja mwenye mguu uliofungwa matambara alisema, "Binti, nyuma. Sote tuna haraka." Mwingine akasema, "Huyu anajiona ana viatu." Shingo ikapata moto. Nilirudi kwenye benchi, nikamwambia mama tungoje tuone, labda kadi zote mbili zimetoka pamoja. Wala sikuamini nilichokisema.

Tukangoja. Jua lilipanda mpaka kivuli cha benchi kikaisha, tukahamia ukutani. Mtoto alikuwa na moto kiasi kwamba paja langu lililoa jasho lake. Kisha tarishi akatoka na kadi mkononi, akaita, "Mzee! Mzee yuko wapi?"

Wazee watatu wakasimama kwa pamoja.

Watu walicheka mpaka wagonjwa wakakohoa. "Kaa chini, babu, wewe si mzee, wewe ni marehemu," kijana mmoja alimtania mmoja wao, na yule babu akamjibu, "Nitangulie nikuandalie nini, hata mahari hujalipa!" Mama naye alicheka, mkono mdomoni, nami nikafurahi kumwona. Halafu akainuka na mtoto, na kicheko kikaanza upya walipoona ni nani Mzee mwenyewe.

Dresa alimgusa mtoto paji la uso, akatazama kadi, akatutilia dawa chungu ya homa kwenye chupa. "Kutwa mara tatu. Mwingine!"

Nilisema, lakini nadhani nilisema kwa tumbo, "Daktari alitaka kumwona."

"Nani kasema?"

"Daktari."

"Kadi yako haina neno la daktari, dada. Ina kikohozi." Alikuwa na watu kumi nyuma yetu na kitambaa chenye damu mkononi. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka kama sisi. "Rudini dirishani."

Tukarudi dirishani, mwisho wa mstari, na safari hii hatukuwa na kitu cha kuweka chini wala nguvu ya kukaa. Tulisimama. Nilitumia muda ule wote kuyapanga maneno kichwani kama mtu anayekariri ubeti. Nilipofika mbele, kidevu changu kiliishia kwenye ubao wa dirisha, na karani alikuwa anaandika.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Jina la mgonjwa."

Nikalitaja. Hapa siliandiki, maana hata kwenye karatasi naona kama mama ananitazama. Nyuma yangu nilimsikia akisogea kando na kuivuta kanga masikioni. Karani alikwenda kwenye sanduku, akapekua, akaja na kadi. Nikaiona kwa macho yangu, na mwandiko wa daktari umeinama upande mmoja. Nikadhani tumemaliza.

Karani akaitazama kadi, akamtazama mtoto. "Huyu si ndiye Mzee aliyeitwa sasa hivi?"

"Ndiye."

"Na huyu wa hapa ni nani?"

"Ndiye huyo huyo."

"Mtoto mmoja, majina mawili, dawa mara mbili." Alikuwa mtu wa pwani, anayavuta maneno vizuri hata akiwa amekasirika. "Sikilizeni. Juzi mtu kachomwa sindano kwa kadi ya jirani yake, na aliyesimamishwa mbele ya daktari ni mimi. Wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

"Dada simtaki. Nataka mzazi, au yule aliyemleta mwanzo, aseme kwa kinywa chake kwamba mtoto huyu ndiye mwenye jina hili. Aliyemleta yuko wapi?"

"Shangazi. Yuko Igunga, binti yake kajifungua."

"Baba?"

"Tanga."

"Mama ni huyu?" Akainamisha kichwa apate kumwona. "Mama, njoo. Mwanao anaitwa nani?"

Mama alisogea. Sijapata kumwona amesimama vile, kama anayesubiri kupigwa. Akasema kwa upole, "Bwana karani, alivyosema binti yangu, ndivyo."

"Nataka wewe useme. Neno moja tu. Nikilipata, nampelekea daktari kadi sasa hivi."

Mama alifungua kinywa. Kisha akavuta pindo la kanga, akakifunika.

Mstari ulikuwa umetega masikio. Bibi mmoja aliyekuja na lori kutoka Igunga, amefungwa jicho, aliita kwa sauti, "Bwana karani, unamtaka mwanamke wa watu amtaje mkwewe mbele ya soko zima? Huko kwenu mnaishije?"

"Kwetu, bibi, mtu akipewa jina anaitwa."

Watu wakacheka. "Mwulize mtoto mwenyewe!" akasema yule wa mguu.

Karani akauliza kweli. "We kijana. Unaitwa nani?"

Mdogo wangu aliinua kichwa begani kwa mama. Alikuwa na midomo mikavu. "Mzee," akasema.

Vicheko vilikuwa vikubwa kuliko vya mwanzo, lakini mimi sikuweza kucheka tena. Karani naye hakucheka. Alisugua macho yake, akasema, "Mnaona? Mimi nifanyeje?" Kengele ya adhuhuri ikalia. Akairudisha kadi sandukuni, akafunga dirisha, na baada ya muda mfupi tukaona gari la daktari likitoka kwa lango la nyuma.

Hatukurudi Kwihara. Kumbeba mtoto mpaka nyumbani na kumrudisha kesho tusingeweza. Tulikwenda Itetemia, karibu na hospitali, kwa shangazi, jirani akatupa ufunguo. Nyumba ilikuwa imefungwa siku kadhaa, inanuka vumbi na mahindi. Mama akawasha moto, akapika uji, mtoto akanywa vijiko viwili akautapika. Nikafuta. Mama akakaa kizingitini na kumtazama, jua likiwa linazama.

"Kesho nitalitaja," akasema.

"Mama!"

"Nifanyeje? Ningoje mwezi mzima daktari arudi? Kwa mtoto huyu?" Alisema Kinyamwezi sasa, kama tunavyosema nyumbani. "Mwenyewe aliyelala kule anisamehe, asinisamehe, mtoto ni wake pia."

Nilitaka kumwambia si kitu, ni neno tu. Shuleni ningesema hivyo. Lakini nilimjua mama tangu nizaliwe. Nilimwona babu alipokuwa hai, jinsi mama alivyokuwa akimpelekea maji ya kunawa amepiga magoti na uso pembeni, na yeye akimwita "binti yangu" kwa sauti ambayo hakumwitia mtu mwingine. Nao wakwe zake wangesikia. Mji ni mdogo na mstari ulikuwa na watu wa kwetu. Wangesema amemvua nguo marehemu hadharani, na wangelisema hilo kila kwenye msiba na kila kwenye ngoma mpaka azeeke.

Mama aliinuka akaenda nje kuosha sufuria. Nilimsikia akiacha kusugua. Akasafisha koo. Akaanza, nikasikia mwanzo kabisa wa lile jina, mdomo ukifunguka tu, kisha kimya, kisha maji yakimwagika. Akajaribu tena. Nilijilaza kando ya mtoto nikageukia ukuta, asijue kwamba nimesikia.

Asubuhi tulitoka kungali na umande. Mama alitangulia njia nzima. Alikuwa amejifunga kanga zake vizuri kuliko jana, kama anayekwenda kanisani. Tulipofika langoni na mstari ulipoanza kusogea, nikamwambia, "Nipe mtoto."

"Simchoki."

"Nipe, mama. Wewe kaa hapa langoni."

Alinitazama. Sijui aliona nini. Alimfungua mtoto, akamfunga mgongoni kwangu kwa kanga yake mwenyewe, akavuta fundo kifuani mwangu mara mbili, kama tunavyofungiwa watoto sisi wanawake. Kisha akakaa chini pale pale. Nikaenda peke yangu.

Mstarini niliona wasichana wawili wa shule ya misheni wakinitazama, gauni langu la shule na mtoto mgongoni. Mmoja alimnong'oneza mwenziwe. Nikatazama kisogo cha mtu aliyekuwa mbele yangu mpaka kilipoondoka, na dirisha likawa langu.

Karani alikuwa yule yule. Nikalitaja jina kabla hajaniuliza, na nikalitaja kwa sauti.

Akainua macho. "Nilisema nataka mzazi."

"Ni mimi."

"Jana ulikuwa dada."

"Mimi ndiye mama yake," nikasema. "Na hili ndilo jina lake."

Nyuma yangu mtu alisonya. Sauti ya mwanamke ikasema, "Ndiyo shule hizo." Moto ulinipanda kutoka kifuani mpaka kwenye nywele, lakini sikuinama. Nilimtazama karani machoni. Sijawahi kumtazama mtu mzima hivyo. Yeye akanitazama mimi, akamtazama mtoto aliyelala kinywa wazi begani kwangu, kisha akatazama mbali kuelekea langoni, ambako mama alikuwa amekaa. Akachovya kalamu. Akazitoa kadi zote mbili, akazifunga pamoja kwa uzi, akaandika kitu, akampa tarishi.

"Kwa daktari," akasema. "Mwingine!"

Nikaenda kukaa kwenye benchi la mwisho, lililo mlangoni kwa daktari. Nilimfungua mtoto nikampakata. Watu waliingia na kutoka. Kisha tarishi akasimama mlangoni na kadi zetu, akaita jina la babu, likasikika mpaka nje. Kule langoni mama aliinamisha kichwa. Mimi nikasimama, nikaingia na mtoto.